Hesabu Iliyoishia Saba

Mukankusi alikuwa amekwisha kuwaonya wote wa nyumbani: siku hiyo hapana mtu kuharibu. Shughuli ya kumwomba binti yake, Nishimwe, ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya risasi, mara ya pili kwa sababu ya risasi nyingine. Sasa barabara ilikuwa wazi tangu Jumanne. Mchumba na watu wake walikuwa njiani kutoka Mubi, maharage yalikuwa motoni, turubai lilikuwa limefungwa juu ya ua, na kama jambo halikumalizika leo, hakuna aliyejua barabara ingefunguliwa tena mwaka gani. Mukankusi alimtaka Merdi awe mkwe wake. Si kwa sababu ya mapenzi ya vijana wale peke yake, ingawa mapenzi yalikuwapo hadi yanachosha watu, bali kwa sababu Merdi alijua kutengeneza jenereta na hakunywa pombe kabla ya saa sita mchana.

"Papa Nishimwe," alimwambia mumewe asubuhi ile, akimfunga tai kwa nguvu kama anayefunga mbuzi, "leo utakaa, utacheka, utanyamaza. Hadisi ya ngumi, hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na wakiuliza?"

"Nani atauliza? Tangu tumeoana, umesikia muntu mumoja ameuliza?"

Callixte alifikiri, akakuta kwamba ni kweli. Hakuna aliyewahi kuuliza. Yeye alikuwa akisimulia bila kuulizwa: matangani, kwenye foleni ya chanjo, hata kwa padri aliyekuja kubariki ng'ombe. Kilima kizima, juu ya Masisi, kilijua kwamba Nizeyimana Callixte alikuwa bondia wa kulipwa. Nje ya kilima hicho hakuna aliyejua.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka 2005, ng'ombe wa Masisi walipokuwa wameliwa na kila mwenye bunduki aliyepita, Callixte alikwenda Omate, kule Walikale, kuchimba dhahabu. Alipofika aligundua kwamba anaogopa mashimo, na kwa mchimbaji hiyo ni kasoro. Lakini alikuwa na mabega mapana, kazi ya kubeba vyombo vya maziwa tangu utoto, na siku za Jumapili wachimbaji walipenda kutazama ngumi. Wakampa jina: Dume la Masisi.

Alipigana mara nne. Pambano la kwanza alishinda, mpinzani hakuja. La pili mpinzani alikuja, lakini alikuwa amelewa, akalala chini kabla ya filimbi. Siku ya pambano la tatu ilinyesha mvua. Watazamaji wakaenda zao, na mabondia nao wakaona hakuna haja ya kubaki wanalowa. Mara ya kwanza alilipwa kopo la sardini, mara ya pili nusu mche wa sabuni, mara ya tatu gunia tupu la kujifunika. "Nililipwa," alikuwa akisema, akinyoosha kidole, "kwa hiyo mi ni wa kulipwa."

Pambano la nne ndilo lililomharibu. Lilifanyika karibu na Mubi, juu ya lami. Miaka ile kulikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka vizuri, na ndege kutoka Goma zilitua hapohapo barabarani kuchukua madini, pikipiki na malori yakisogea pembeni kungoja. Hapakuwa na mahali pengine pakavu pa kupigania. Kinyozi mmoja wa Mubi, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi kwa sababu ndiye aliyekuwa na filimbi, alichora ulingo kwa unga wa muhogo. Mbuzi wakalamba pembe moja kabla ya pambano kuanza, kwa hiyo ulingo ulikuwa na pembe tatu. Glavu zilikuwa jozi moja katika eneo zima, basi kila bondia alivaa moja. Callixte alipata ya kushoto. Mpinzani alikuwa mpakiaji wa malori, Mnande mwenye kifua kama mlango, aliyejulikana kwa jina moja tu: Fuso. Zawadi ilikuwa jibini zima la Masisi, la mviringo.

Na hapa ndipo Callixte alipokuwa akisimama kila anaposimulia. "Nilimupiga na hii, ya kushoto, kwenye pua. Fuso akaanguka. Mwamuzi akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Saba! Na pale njo ndege ikatokea. Watu wote wakakimbia, Fuso akakimbia, na fromaji yangu akakimbia nayo. Namba tatu zilibaki. Tatu!"

Mukankusi alikuwapo siku ile. Hakupenda kuisemea, na watu walidhani ni kwa sababu ya kuchoka na hadithi. Walikosea kidogo.

Wageni walifika saa saba kwa pikipiki tano, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Njiani walikuwa wamesimamishwa kwenye vizuizi vitatu, na kila kizuizi kilipewa mkate wa karamu, kwa hiyo mkate haukufika. Mbele alitembea baba yake Merdi, Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa Mubi mwenye duka la vitambaa na masufuria, amevaa suti ya kijivu. Nyuma yake mkewe Kavira, kisha mashangazi na wajomba, kisha Merdi mwenyewe, ameshika kofia ya pikipiki kifuani kama mtu anayeingia kanisani.

Kwa jinsi alivyojua, Callixte hakuwahi kukutana na Papa Nzanzu. Mazungumzo yote ya kwanza yalifanywa na kaka yake mkubwa, Sebarenzi. Na jina Nzanzu lenyewe halikumwambia kitu. Huko Butembo, mji wa Wanande, wanaume wenye jina hilo wanaweza kujaza soko. Alipeana naye mkono, akatabasamu kama alivyoagizwa. Kisha Papa Nzanzu akajifuta vumbi usoni kwa kitambaa, pua ikaonekana. Ilikuwa pua iliyolala upande wa kulia, kama mlango uliosahauliwa wazi. Callixte aliacha kutabasamu.

Sasa ni lazima desturi ieleweke. Kwa watu wa Mukankusi, msichana hatolewi kirahisi. Siku ya kuomba, msemaji wa upande wa binti huwazushia wageni kosa. Analitunga tu: babu yenu alitukana babu yetu, mjomba wenu aliazima jembe hajarudisha. Wageni nao wanatakiwa kusikitika, kuomba radhi kwa maneno matamu, na mwishowe baba wa kijana anapiga goti, watu wanacheka, vinywaji vinaletwa. Wanande hawana mchezo huo. Kwa hiyo Merdi alikuwa amewafundisha watu wake njia nzima: "Watatutukana kidogo. Musikasirike. Yote ni ya uongo. Mukubali makosa, mupige makofi."

Sebarenzi, msemaji wa upande wa binti, alisimama, akakohoa, akaanza. Alisema kwamba zamani sana mtu mmoja wa ukoo wa Nzanzu alipita kwenye kilima hiki akaiba kengele ya ndama, na ndama yule mpaka leo haijulikani yuko wapi, maana halii.

Papa Nzanzu alishika kichwa kwa huzuni. "Ee, wakubwa wetu! Ni kweli. Ile kengele iko kwetu. Ile njo tunaita nayo watoto kula."

Watu walicheka. Mukankusi, aliyekuwa akichungulia kutoka mlango wa jiko, alipumua. Mambo yalikuwa yanakwenda. Ndipo akaona mumewe anasimama.

Baba wa binti hasemi siku ile. Anakaa kama sanamu. Lakini Callixte alisimama, tai imehama hadi chini ya sikio, akanyoosha kidole.

"Na fromaji yangu iko wapi?"

Kisha wageni wote wakaangua kicheko. Shangazi mmoja wa Merdi alipiga makofi hadi bangili zikadondoka. Papa Nzanzu, akifuata mafundisho ya mwanawe, aliinamisha kichwa.

"Fromaji? Samahani sana, mukwe. Tuliikula."

"Anakubali!" Callixte alipaza sauti.

"Tuliikula yote. Ilikuwa mutamu. Hata ngozi hatukubakisha."

"Mbele ya watu anakubali! Mwizi we! Ile ya Mubi, ya pale kwenye lami! We Fuso!"

Kicheko kiliendelea upande wa wageni, lakini usoni kwa Papa Nzanzu kilikatika. Alimtazama Callixte kuanzia viatu, akapanda taratibu hadi mabegani, akabaki hapo.

"Dume?" alisema. "Dume la Masisi? Yule wa kukimbia uchi?"

"Sikukimbia!"

"Lakini uchi unakubali."

Wageni walikuwa wanalia kwa furaha. Sebarenzi naye, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri na ambaye siku zote alimwona mdogo wake kuwa mzito wa maneno, aliona fahari kubwa. Alidhani Callixte amejifunza. Akaona ni wakati mzuri wa kufunga.

"Basi, Papa Merdi," alisema kwa sauti ya kiongozi, "kwa kosa la kengele, na kwa kosa hili kubwa zaidi la fromaji, piga goti uombe radhi, tukupe mutoto."

"Kwa kengele nitapiga," alisema Papa Nzanzu. "Kwa fromaji, hapana. Fromaji sikuiona. Huyu njo aliibeba, mi nilibaki na pua. Na siwezi kushuka chini mbele ya huyu muntu mara ya pili."

"Mara ya pili!" Callixte aliruka, akawageukia watu kama wakili. "Mumesikia? Amesema mara ya pili! Kwa hiyo kuna ya kwanza! Tangu miaka saba naongea munacheka!"

"Niliteleza! Ulingo ulikuwa wa unga!"

"Asipopiga goti, mutoto simutoi!"

"Merdi! Washa pikipiki."

Merdi alisimama, akavaa kofia ya pikipiki, akaivua, akaivaa tena kinyumenyume. Alimtazama baba yake, akatazama mlango wa nyumba. Ndani, nyuma ya pazia, Nishimwe alianza kulia, na kulia huko hakukuwa kwa desturi. Kavira alisikia. Akaacha kupiga makofi, akamvuta shangazi mkono. "Nyamaza kwanza. Hawa hawachezi."

Wanawake wa jikoni walimgeukia Mukankusi. Jambo hili lilikuwa la wanaume. Mama wa binti hatoki hadi aitwe. Mukankusi alifikiria barabara. Alifikiria maharage ya watu arobaini. Akafikiria pia jambo moja alilokuwa amelificha miaka saba, akaona kwamba leo litamgharimu, na kwamba hakuna namna. Akachukua jibini la karamu, la mviringo, zito, lililokuwa kwenye sinia likingoja makubaliano, akachukua na kisu, akatoka nalo hadi katikati ya ua, akaliweka chini kwenye mkeka kati ya wanaume wawili.

"Mukae kimya, wote wawili," alisema. "Mi nilikuwako."

"Mama Nishimwe—" Sebarenzi alianza.

"Na we, kaka. Kimya."

Sebarenzi akaketi.

"Ile mwaka," Mukankusi alisema, "nilitembea toka hapa mpaka Mubi na fromaji sita za kuuza mugongoni, kwa sababu bwana yangu aliniandikia kwamba anachimba dhahabu. Nafika, nakuta watu wamejaa barabarani. Nachungulia. Naona rido yangu."

"Rido gani?" aliuliza Kavira.

"Rido ya chumba changu, mama, pazia ya mulango. Ya maua ya zambarau. Niliitafuta miezi mitatu, nikagombana na jirani, nikagombana na mama mukwe. Kumbe iko Walikale, inapigana. Callixte aliikata akashona nayo kaputula."

Watu wote walimtazama Callixte. Callixte alitazama turubai.

"Na kushona hajui," Mukankusi aliendelea. "Sasa, Papa Merdi, ulianguka. Nilikuona. Hukuteleza, ulipigwa. Mubaya kweli."

"Unaona!" alisema Callixte.

"Bado. Ndege ikatokea. Mwamuzi alisema saba, akatupa filimbi, akaruka mu mutaro. Watu wote wakaruka. Aliyebaki juu ya lami ni muntu mumoja tu, mikono juu, anangojea nane. Ndege inakuja, yeye anangojea nane! Na huyu," alimwelekezea Papa Nzanzu kisu cha jibini, "aliamuka na damu puani, akakimbia, kisha akarudi, akamushika kaputula akamuvuta. Kaputula ikabaki mukononi. Akarudi tena! Akamushika muguu, akamukokota mpaka kwenye majani kama gunia ya makaa. Matairi yalipita pale alipokuwa amesimama. Bila huyu, Nishimwe angekuwa yatima, na mi nisingekuwa na rido wala bwana."

Papa Nzanzu alijikuna pua.

"Ulikuwa muzito," alimwambia Callixte.

"Ni maziwa," alisema Callixte, kwa sauti ndogo. Kisha akakumbuka. "Na fromaji?"

Mukankusi alivuta pumzi. "Fromaji ilikuwa kwangu. Kinyozi aliniomba niichunge kwa sababu mi nilikuwa na kitambaa safi. Ndege ilipokuja nilikimbia nayo. Mushindi hakukuwa. Nilirudisha kwa nani?"

"Ukaipeleka wapi?"

"Tuliikula, Callixte. Mi na we. Njia yote ya kurudi nyumbani, siku tano. Uliuliza, nikakwambia ni ya biashara ilibakia. Kila ukikata kipande, ulimulaani Fuso, ukakata kingine."

Callixte alihesabu siku tano kwa vidole. Ilionekana wazi kwamba anaikumbuka njia ile, kipande kwa kipande.

"Miaka saba," alisema mwishowe. "Kwa nini hukusema?"

"Kwanza kwa sababu ya rido. Nilitaka uteseke kidogo." Mukankusi alifuta kisu kwenye kitenge ingawa kilikuwa safi. "Na pili, ile mwaka ulirudi huna dhahabu, huna ng'ombe, huna hata kaputula, lakini ulikuwa na saba yako. Ulikuwa unaamuka nayo asubuhi unaenda shamba. Ningeichukua ya nini?"

Callixte alitazama viatu vyake. Ingekuwa vizuri kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa kukumbatiana. Lakini wanaume wale walikuwa mabondia.

"Kwa hiyo," Callixte alisema, "alianguka."

"Kwa hiyo," Papa Nzanzu alisema, "niliamuka. Apige goti yeye! Mi njo nilimuokoa!"

"Mugeni njo anapiga goti! Ni desturi!"

"Merdi! Pikipiki!"

Mukankusi aliona kwamba akili imekwisha kutumika, sasa ibaki sauti.

"Hesabu iliishia saba," alisema, na mlima wa pili ulimsikia. "Leo naimaliza mi mwenyewe. Na sheria ni hii: yule nitafika kumi nikute bado amesimama, huyo njo ameharibu ndoa ya mutoto wake, mbele ya watu wote hawa. Na mi nitasimulia habari yake. Matangani. Kwenye chanjo. Kwa padri. Mpaka nikufe."

Wanaume walitazamana. Mpinzani mbele, mwanamke mwenye kisu kando, jibini chini.

"Nane."

Kavira, nyuma ya mumewe, alisema polepole kwa Kinande neno moja ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Callixte alilegeza tai.

"Tisa."

Pazia la nyumba lilisogea, Nishimwe akatoa uso, mashavu yamelowa, macho kwa baba yake.

Magoti manne yaligonga mkeka kwa mshindo mmoja, sinia likaruka.

"Kumi," alisema Mukankusi, akakata jibini.

Kavira alipiga vigelegele vya kwanza, Merdi akavua kofia ya pikipiki na kuitupa juu, ikatoboa turubai, na Sebarenzi, ambaye hakuwa amesikia hata nusu ya maneno, alisimama akatangaza kwamba mtoto ametolewa. Yule shangazi wa bangili alikuwa amekwisha kujiaminisha tena kwamba yote yalikuwa mchezo. Alisema tangu azaliwe hajaona desturi iliyochezwa vizuri namna hii, akauliza kama ile sehemu ya ndege huwa wanaiweka kila mara.

Nishimwe na Merdi walifunga ndoa wiki mbili baadaye, barabara ikiwa bado wazi, na ilifungwa siku ya nne yake. Pamoja na mbuzi wa mahari, Papa Nzanzu alituma kutoka dukani kwake pazia jipya la maua ya zambarau, limeshonwa kwa cherehani, mishono miwili. Mukankusi alilitundika, na kila Callixte akisafiri analikagua kwanza.

Lakini siku ile uani, wazee wawili walibaki wamepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wakila jibini kutoka sinia moja, kwa sababu walikuwa wameanza jambo lingine.

"Goti langu njo lilifika wa kwanza," alisema Callixte.

"We? Ulikuwa bado unapinda. Mi nilikuwa chini zamani."

"Tuulize mwamuzi. Mama Nishimwe! Nani alifika chini wa kwanza?"

Mukankusi alikuwa akiwagawia watu maharage. Hakugeuka.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa naangalia fromaji."